Kituo cha Satellite Hakina Matumizi

Satellite, 14 Januari 2025

Mwanangu Mahira,

Assalam aleikum. Natumai u mzima na lile koo lililokuwa likikuwasha limepona. Mimi mzima wa mwili tu, roho inanichemka. Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu nikikupigia nitapaza sauti, na hapo nje ya chumba changu wagonjwa wamekaa wanangoja.

Huo mfumo wenu mpya wa hesabu una wazimu. Leo umenikatalia maji tena. Maji, Mahira! Unajua vizuri hapa mtaani Satellite mfereji wetu ukikauka tunanunua kwa Omollo, anayesukuma mkokoteni wa mitungi mpaka mlangoni. Miaka yote namlipa kwa pesa ndogo za kituo, anatia sahihi, mwisho wa mwezi nawaletea karatasi huko mjini. Sasa mmefuta pesa ndogo, kila kitu kipite kwenye kompyuta, na kompyuta inataka PIN ya kodi ya Omollo, akaunti yake ya benki, na bei za wauza maji wengine wawili. Hao wengine niwatoe wapi, niwazae? Unga wa uji nao umekataliwa. Wagonjwa wa kifua kikuu wanameza vidonge tumbo tupu, wanatapika dawa ya serikali kwenye sakafu ambayo sina maji ya kuipigia deki.

Nilipoambiwa umo kwenye kamati ya kuchagua mfumo, nilijigamba kwa kila mtu. Mkaja hapa, mkanywa chai yangu, mkatuuliza tunahitaji nini. Ndeti wa maabara akawaeleza, na mimi muuguzi mkuu nikawaeleza. Mlikuwa mnaandika nini?

Nijibu.

Shangazi yako,
Zainab

*

Jamhuri, 15 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Koo limepona, alhamdulillah, na hapa nyumbani sote wazima. Goti lako je?

Una haki ya kukasirika. Tulitazama mifumo mitatu. Mmoja ulikuwa mdogo, wa bei nafuu, unafanya kazi hata intaneti ikikatika, na ulikuwa na nafasi ya pesa ndogo za kila kituo. Huo ndio nilioupigia kura. Lakini makao makuu huko Ulaya walitaka nchi zote tutumie mfumo wao, ili wafadhili wafungue skrini moja waone kila shilingi ya shirika. Nilibisha. Bwana Mungai, mkuu wetu wa fedha, akasema hoja yangu ni nzuri sana, kisha wakaendelea na mkutano kana kwamba nimepiga chafya.

Nakuomba jambo moja tu. Endelea kutuma maombi hata yakikataliwa. Kila ombi linabaki kwenye mfumo, na hayo ndiyo nitakayowaonyesha.

Mwanao,
Mahira

*

Satellite, 9 Machi 2025

Mwanangu Mahira,

Ramadhani karim. Saumu inakwendaje na hizo ngazi za ofisini? Mimi nafunga vizuri, ila hasira ndiyo inayotaka kunifungulisha mchana.

Maombi nimeacha kutuma. Nimetuma Januari yote, nimekataliwa Januari yote, na mimi Zainab binti Idarus sikuzaliwa nije kuombaomba mbele ya kioo. Tumepiga mchango! Ndeti kasimama kanisani kwao akasema, mimi nikazungumza na kina mama wa msikitini, na wagonjwa waliopona nao hawakukubali kupitwa. Mmoja kaleta gunia la unga kwa bodaboda. Glovu tumenunuliwa na kina mama. Omollo mwenyewe siku ya Ijumaa hataki kulipwa, ukimpa hela ananuna. Kituo kinang'aa, Mahira, njoo uone. Wagonjwa wameongezeka, wengine wanatoka mpaka Kinoo.

Lakini wakubwa wako usiwaambie. Kanuni naijua: kupokea mchango nje ya hesabu za shirika ni kufukuzwa kazi, na mimi nimebakisha miaka miwili nistaafu. Kaa kimya. Ni amri ya mzazi.

Shangazi yako,
Zainab

*

Jamhuri, 10 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo, na saumu njema. Nimesoma nikacheka peke yangu, kisha nikaingiwa na hofu. Nitanyamaza kwa kuwa umeniamuru, na kwa kuwa umenilea tangu mama alipofariki na hukuwahi kuniomba kitu. Lakini tafadhali, tuma japo ombi moja kwa mwezi. Likataliwe, basi, lakini lionekane.

Mwanao,
Mahira

*

Satellite, 23 Juni 2025

Mahira,

Salamu nitakupa nikipoa.

Leo nimeletewa barua kutoka ofisini kwenu. Nakunukulia usije ukadhani natia chumvi: "Kituo cha Satellite hakina matumizi tangu Februari. Kwa kuwa hakina shughuli, kitafungwa mwisho wa Julai na fedha zake zitahamishiwa kwenye vituo vinavyofanya kazi." Lahaula! Hatuna shughuli! Nimeisoma hiyo barua nimesimama, maana viti vyote vina wagonjwa!

Yaani kuna mtu amekaa Ulaya, akafungua hiyo skrini yenu, akaona mahali petu pameandikwa sifuri, akasema hawa wamelala? Hakuna hata mmoja wenu aliyeinua simu kuuliza? Tumejinyima, tumechangishana, tumewapunguzia gharama, na zawadi yetu ndiyo hii? Na hawa wagonjwa waende wapi? Mtu wa kifua kikuu akikatiza dawa unajua yanayomkuta.

Ripoti za wagonjwa natuma kila mwezi kwa watu wa tiba huko ofisini kwenu. Zichukue, wapigie nazo meza. Mchango usiutaje.

Shangazi yako,
Zainab

*

Jamhuri, 30 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kaa kitako kwanza, ndipo usome.

Nilipeleka ripoti zako. Bwana Mungai akazitazama, akaniuliza: kituo kisichonunua maji, wala unga, wala glovu, kinatibu vipi watu wote hawa? Akasema ripoti zimebuniwa. Makao makuu wakakubaliana naye papo hapo, na wakataka polisi waitwe kuchunguza wewe na Ndeti mmepeleka wapi dawa za serikali.

Polisi, Shangazi. Kwa mtu kama wewe.

Nikawaambia. Yote: kanisa, msikiti, gunia la unga. Nikawaambia sifuri wanayoiona si uvivu, ni watu waliochoka kukataliwa na mashine tuliyoichagua sisi. Safari hii nilipiga kelele na sikukaa chini. Kesho yake wakatuma mtu Satellite, akajionea foleni.

Kituo hakifungwi. Pesa ndogo zinarudi, kwa vituo vyote. Lakini kanuni ni kanuni, wanasema, na wewe ndiye uliyepokea mchango. Ndeti amepewa onyo. Wewe wamekuachisha kazi.

Nimevunja amri yako. Nisamehe.

Mwanao,
Mahira

*

Jamhuri, 9 Julai 2025

Shangazi,

Shikamoo. Hupokei simu, na nilipokuja Jumamosi jirani akaniambia umetoka, ilhali viatu vyako nimeviona mlangoni.

Malipo yako ya mwisho yaliletwa kwangu niyaidhinishe. Nilibonyeza huku nalia, wenzangu wakijifanya hawaoni. Siwezi kuendelea kufanya kazi na watu hawa. Nimeandika barua ya kuacha kazi, Jumatatu naipeleka.

Niandikie hata matusi.

Mwanao,
Mahira

*

Satellite, 12 Julai 2025

Mwanangu Mahira,

Marahaba. Mimi mzima, goti nalo halijambo tangu niache kusimama kutwa.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira nawe, na sikufichi, bado ninazo. Nimezunguka humu ndani nikikutukana, wewe na baba yako aliyekuzaa, na huyo ni kaka yangu mwenyewe. Mzazi anaamuru, mtoto anakwenda kuyamwaga yote mbele ya wakubwa! Huko walikokufundisha hesabu hawakukufundisha adabu?

Jana Ndeti akanijia. Anasema watu wamejaa mpaka nje ya geti, na maji yapo. Kuna yule mama wa Kinoo aliyekuja Machi akibebwa mgongoni na mwanawe. Ndeti anasema juzi kaja kwa miguu yake kuchukua dawa, akawa anauliza niliko. Nilimwambia Ndeti vumbi limeniingia machoni, mwongo mimi. Nilibishana nawe kichwani usiku na mchana, na kila nikijiweka mimi kwenye kiti chako, nami nasimama nasema. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo barua yako ya kuacha kazi ichane. Mimi niliyefukuzwa sijaacha kula, uache kazi wewe? Uwaachie nani hicho kiti, Mungai peke yake? Hao watu hawatulii, mwakani watataka kununua mfumo mwingine. Nataka wakiingia kwenye mkutano wakukute umeshakaa.

Kukusamehe bado. Njoo Jumapili mchana, ule kwanza, ndipo nitakusamehe.

Shangazi yako,
Zainab