Karatasi Niliyoikunja Mfukoni

Jumanne, 4 Juni 1996

Nimedeki ukumbi mkubwa mara mbili. Ya kwanza kwa sabuni, ya pili kwa sifa. Hakuna sinagogi Toronto nzima lenye sakafu kama yangu. Rabi mwenyewe alisema inateleza. Nimeichukua kuwa pongezi.

Jioni somo la tatu la Kiswahili, chumba cha chini. Wanafunzi kumi na mmoja, watu wa kujitolea. Kila kiangazi kamati ya Wayahudi wa hapa hupeleka watu nchi ya mbali wakafanye kazi ya mikono bila malipo. Mwaka huu wanakwenda Lushoto kujenga tangi la maji la shule. Kwetu hasa. Aliyewapeleka kwetu ni mimi. Bi Miriam, mkubwa wa kamati, aliniuliza mwaka jana nikiwa juu ya ngazi nabadilisha taa: Hemedi, kwenu maji yapo? Nilivyoshuka alikuwa amejaza kurasa nne.

Leo nimewafundisha salamu. Halafu nikawasimulia nilivyomuua chui kwa kiatu. Wakaliandika na hilo.

Watu wazima, wana digrii, wananiita mwalimu. Mimi niliyeacha shule darasa la tatu. Hilo hawalijui. Wanajua nilimaliza la kumi na mbili, nikawa wa kwanza wilaya nzima.

Alhamisi, 20 Juni

Bi Miriam ameniuliza kwa nini siendi nao. Nikamwambia jengo hili likikosa mimi wiki moja litaanguka. Akacheka.

Ukweli ni faili langu. Liko uhamiaji mwaka wa saba. Nikitoka Kanada sirudi. Na nisiporudi, watu wa nyumbani wataona nilivyo.

Miaka kumi na moja sijamwona Mama. Kijijini hakuna simu. Ipo hospitali ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na Mama magoti yamekwisha. Nataka kusikia sauti yake. Hilo tu. Mengine yote ninayosema ni maneno.

Nimemwambia Nathan. Nathan ni daktari wa meno mstaafu, mtu wa miaka sitini na nane, mwanafunzi wangu mbaya kuliko wote. Hajui kusema "ng'ombe" mpaka leo. Amesema atampeleka Mama kwenye simu hata kwa kumbeba mgongoni. Nikamwambia, na huo mgongo wako? Akasema, basi yeye atanibeba mimi.

Jumapili, 30 Juni

Wameondoka. Tumewasindikiza uwanja wa ndege, mimi na Bi Miriam. Mabegi yao yamejaa dagaa wa kopo na masufuria mapya, maana dini yao haiwaruhusu kula kwenye chombo chochote tu. Nathan amebeba sweta la Mama na redio.

Nilimvuta pembeni. Mama anajua nina nyumba Markham, vyumba vinane, gari mbili. Anajua mimi ni mkubwa wa ofisi. Nikamwambia Nathan, ukifika huko usimwambie Mama kwamba nafagia.

"Nitamwambia wewe ni mkurugenzi wa sakafu," akasema.

"Acha sakafu. Sema mkurugenzi."

Halafu akaniuliza, nikikuandikia faksi niandike Kiswahili, kwa herufi kubwa kubwa? Mwandiko wangu mbaya. Alikuwa ananiangalia vizuri, bila dharau. Pale ndipo ningesema. Badala yake nikasema: niandikie Kiingereza, bwana, mimi nasoma hata mwandiko wa madaktari.

Kiingereza nakiongea kama mtangazaji. Kukisoma ni habari nyingine. Nasoma majina, siku, tarakimu, chupa za dawa za sakafu. Mwandiko wa mkono siuwezi, labda neno mojamoja.

Ijumaa, 12 Julai

Faksi imefika. Bi Miriam ameisoma kwa sauti ofisini, kama anavyofanya zote. Msingi umekamilika. Wanakijiji wanashangaa wageni kutogusa kazi Jumamosi. Mwenyekiti wa kijiji alidhani wamegoma, akawapelekea mbuzi kuwabembeleza. Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Nathan amefika kwa Mama. Amempa sweta. Mama alilivaa juu ya nguo zote na hakulivua, ingawa jua lilikuwa kali. Alimwuliza Nathan meno ya mwanangu mazima? Nathan akasema mazima. Mama anakohoa kidogo.

Mama ni chuma. Alinizaa asubuhi, mchana alikuwa anapalilia.

Jumatano, 17 Julai

Hakuna faksi. Nimemwuliza Bi Miriam mara tatu. Ameniambia, Hemedi, mashine ikilia utaisikia hata ukiwa nyumbani kwenu Weston.

Kazi hazijanikaa mikononi.

Jumamosi, 20 Julai

Siku kubwa. Naandika haraka kabla furaha haijapoa.

Jumamosi ndiyo siku yangu pale. Wao hawagusi swichi, hawaandiki, hawashiki simu. Wala hawaniagizi, maana kuagiza nako ni kazi. Wanapita karibu yangu wakisema, leo kuna joto. Nami nawasha kiyoyozi. Miaka tisa hii, najua mzaha na sheria zao kuliko wengine waliozaliwa humo.

Nimefungua saa moja asubuhi. Ofisini, karatasi kwenye mashine. Jana jioni nilipofunga haikuwepo. Mwandiko wa Nathan, kama kuku amepita na tope miguuni. Lakini jina langu nimeliona juu. Nimeona Mama. Nimeona Jumamosi, na tano ya jioni. Chini kuna tarakimu nyingi, nadhani lita za tangi.

Nimeelewa. Leo jioni, saa zao za kule, wanafungua tangi, na Mama ndiye mgeni wa heshima. Ndiye atakayekata utepe. Nimeisoma mwenyewe, bila Bi Miriam, bila mtu yeyote. Nimekaa kwenye kiti cha ofisi nikaisoma tena na tena.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Baada ya sala, kwenye chakula, nimewatangazia. Mama yangu anafungua tangi leo mbele ya mkuu wa wilaya. Watu wamenishika mkono. Wazee wamenipa samaki wa chumvi na kinywaji kikali, kinywaji nikakikataa kwa adabu, mimi Mwislamu. Rabi tu ndiye aliyekunja uso.

"Leo? Siku ya Sabato?"

"Wanakijiji ndio wanaofungua," nikasema. "Watu wetu wamekaa tu kivulini."

"Na habari umeipataje?"

"Nilijua tangu juzi."

Akanipiga bega, akaenda. Mimi huwa sikosi jibu.

Jumapili, 21 Julai

Mama amekufa.

Naandika ili nione kama mkono utakubali.

Zaituni, mpwa wangu ninayekaa kwake, alirudi asubuhi kutoka zamu, nyumba ya wazee anakofanya kazi. Nilikuwa nimeiweka faksi mezani karibu na chai yake. Nilitaka aone. Nilitaka anisomee kwa sauti, nijifanye nasikiliza tu.

Alisoma kimya. Alipomaliza akaanza tena.

"Mjomba. Hii umeipata lini?"

"Jana asubuhi."

"Na ulisoma?"

Nikamsogezea kikombe chake. Akanisomea, akitafsiri polepole, macho kwenye karatasi.

Hemedi, mama yako tumemleta hospitali usiku. Ni mapafu. Daktari anasema ni suala la siku, labda saa. Ana akili zake zote na anakuulizia. Leo Jumamosi saa kumi na moja jioni tutamweka kwenye simu ya ofisi. Kwako itakuwa saa nne asubuhi. Piga namba hii. Atakuwa anasubiri.

Zile lita za tangi.

Saa nne jana asubuhi nilikuwa ofisini. Nakumbuka, maana nilisikia wanaanza kuimba. Nilikuwa nafuta vumbi juu ya simu. Niliinua mkono wa simu nikafuta chini yake, nikaurudisha.

Tumepiga. Tumepata mara ya sita. Wamemwita dada yangu Mwanaidi, aliyekuwa amerudi pale kuchukua vitu vya Mama. Amesema walimkalisha Mama kwenye kiti cha karani, amevaa sweta, wakamwekea simu yenyewe magotini. Alikataa irudishwe mezani. Alikaa tangu saa kumi na moja mpaka saa moja na nusu. Kila mtu aliyetaka kutumia simu alifukuzwa na yule Mzungu, Nathan.

Mwanaidi alimwambia, Mama, turudi kitandani. Mama akasema, mwache, mkubwa kama yule ana shughuli nyingi, atapiga akipata nafasi.

Amekufa alfajiri. Wamemzika saa nane mchana kwao, mimi huku nikiwa hata sijaamka.

Jumanne, 23 Julai

Matanga, sebule ya Zaituni, ghorofa ya tisa. Watu wa msikitini wamejaa. Wakongo wa mlango wa pili wameleta sufuria la wali na hawakukaa, viti havikutosha.

Wayahudi nao wamekuja. Bi Miriam, rabi, wazee sita. Walivua viatu bila kuambiwa, wakakaa chini kwenye mkeka pamoja nasi. Kwao pia mfiwa hukaa chini. Mzee mmoja wa miaka themanini na tano alishushwa na watu wawili. Hakuna aliyesema neno mpaka mimi niseme. Ndiyo desturi yao.

Basi nikasema. Nikasema nilizungumza na Mama kwenye simu kabla hajafa. Saa nzima. Nikasema alinibariki, akawataja wote kwa majina, akawashukuru kwa tangi. Maneno yalitoka yenyewe. Watu wakalia. Bi Miriam alilia.

Zaituni alikuwa mlangoni na sinia la kahawa. Aliniangalia. Akaingia jikoni, hakutoka tena.

Ijumaa, 26 Julai

Nimerudi kazini. Rabi aliniita ofisini, akafunga mlango. Nathan amempigia simu.

Hakunigombeza. Aliuliza tu, Hemedi, kwa nini hukuniletea? Kusoma hatukatazwi. Na kwa mtu anayekufa tunavunja Sabato yenyewe, tunapiga simu, tunaendesha gari, yote.

Nikasema sikutaka kuwasumbua siku yenu takatifu. Halafu akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe: Nathan hajaandika hata herufi moja siku ya Sabato tangu utoto wake. Ningeuona mwandiko wake tu asubuhi ile, ningejua kuna mtu anakufa. Nisingehitaji kusoma.

Nilishuka kwenye stoo nikakaa juu ya ndoo.

Maana mimi nilijua hilo. Miaka tisa nawawashia taa. Nilijua karatasi haikuwepo Ijumaa jioni. Nilijua Nathan haandiki. Kipofu angelisoma lile. Mtu asiyejua hata a e i o u angelisoma. Lakini mimi nilikuwa nasoma.

Jumapili, 4 Agosti

Hakuna la kuandika. Zaituni ananisalimia, shikamoo Mjomba, lakini kwa mdomo tu. Leo nimemwambia kweli ya chui. Alikuwa paka pori, na aliyemwua ni baba yangu. Akasema, najua Mjomba, Bibi aliniambia zamani.

Kumbe Mama alikuwa ananisahihisha.

Jumatatu, 12 Agosti

Wamerudi jana. Picha zimebandikwa ubaoni. Tangi zuri, la mviringo, watoto wamelizunguka. Nimepita na mashine ya sakafu bila kuangalia. Halafu nimerudi kuangalia. Mama hayupo hata kwenye moja. Lilifunguliwa siku nane baada ya yeye kuzikwa.

Wiki ijayo wanataka nisimame mbele ya kamati niwaambie maana ya kazi yao kwa watu wetu. Bi Miriam anasema hakuna anayesema vizuri kama mimi.

Nimekataa. Aliniangalia kama nimeongea Kichina.

Nathan sijamwona. Nadhani ananikimbia. Au mimi ndiye ninayemkimbia.

Alhamisi, 15 Agosti

Nathan amekuja chini mchana, nikiwa nakula. Amekonda. Amekaa mbele yangu. Amesubiri.

Nikamwambia. Sijui kusoma Kiingereza, Nathan. Niliacha darasa la tatu. Hakuna simu niliyopiga. Niliikunja mfukoni nikaenda kula samaki na watu.

Akasema alihisi hivyo tangu uwanja wa ndege. Alitaka kuniandikia Kiswahili, aliogopa kunivunjia heshima. Anajilaumu. Nikamwambia asijilaumu. Tukakaa na hilo, kila mtu na lake.

Amenieleza mazishi. Walimpa nafasi ya kutupa udongo kwa mkono mara tatu kama wengine. Alipomaliza akachukua koleo akaendelea, maana kwao watu wa marehemu hujaza kaburi wenyewe mpaka mwisho. Vijana walitaka kumpokea. Mwanaidi akawaambia, mwacheni, anazika kwa niaba ya Hemedi.

Nikamshukuru. Kwa Kiswahili. Alielewa.

Halafu akasema, nilikaa naye saa mbili na nusu na lugha yangu mbovu, hatukuweza kuongea. Niambie alikuwa mtu wa namna gani.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hadithi nyingi za Mama. Alivyowafukuza wezi saba kwa mchi. Alivyovuka mto na mimi kichwani. Nikaziangalia zote, nikaziacha.

Nikamwambia alikuwa mfupi. Alipenda chai yenye chumvi. Akifua alikuwa anaimba bila maneno. Hakupenda kupigwa picha.

Nathan akasema, endelea.

Nikatafuta jingine la kweli. Sikuwa na zaidi ya hapo.