Futi Tatu na Inchi Nne

Monroe, Michigan
Jumatatu, 16 Mei 2016

Kwa dada yangu mpendwa Ilona,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako theluji imeshasahaulika na mbu ndio kwanza wameanza. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti la shemeji Arne limepata nafuu tangu ateleze pale mlangoni. Wapwa zangu hawajambo? Mwambie Annika picha ya mahafali yake nimeibandika juu ya meza yangu ya kazi. Mimi afya ninayo, ila roho haijatulia. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujashika simu.

Kwanza niache nilalamike kidogo. Dada, kazi hii ya kuchora kwa kompyuta itanitia wazimu. Ndani ya mashine hakuna futi wala mita. Kuna namba tu, na kila mtu anaipa namba maana anayoitaka yeye. Mwezi Machi mchoraji mmoja wa Windsor, ng'ambo ya mto, alituletea mlango aliouchora kwa milimita. Programu yetu ikadhani ni inchi, mlango ukawa mrefu kushinda ghala la nafaka. Nikampigia, akanijibu kwa upole kabisa kwamba dunia nzima inatumia mita isipokuwa sisi, kwa hiyo tatizo si lake. Wiki hiyohiyo fundi bomba akachapisha mchoro wangu kwenye karatasi ndogo, mashine ikaubana utoshee, skeli ikafa palepale, naye akauwekea rula na kukata mabomba. Alinipigia akifoka, "Mchoro wako unasema uwongo, bwana!" Nikamwuliza kama hakuona maneno niliyoandika pembeni kwa herufi kubwa, kwamba mtu asipime kwa rula. Akasema yeye ni fundi bomba, hana muda wa kusoma.

Hayo ni madogo. Kubwa ni lile la kituo cha zimamoto, ambalo wewe unalijua nusu.

Unakumbuka Baba ndiye aliyepima kile kiwanja kule upande wa Ohio, nami nikachora jengo. Alifurahi sana, maana ilikuwa mara ya kwanza majina yetu mawili kukaa kwenye karatasi moja. Mwanzoni mwa Aprili wakamwaga zege la msingi. Siku tatu baadaye jirani, Bi Verna Ostrander, akatoka na koleo mkononi akiuliza ni nani aliyemzikia maua yake ya peoni. Msingi uliotakiwa kuishia mpakani ulikuwa umeingia kwake futi tatu na inchi nne. Vigingi vya chuma vya Baba vilisema hivyo. Mchoro wangu ulisema kila kitu kiko mahali pake.

Bosi wangu, Bwana Vandermolen, akatuita sote uwanjani, na wote wakamtazama Baba. Ana miaka sabini na saba, na kompyuta haina umri. Msimamizi wa ujenzi akamtania, "Mzee, labda siku hiyo miwani uliiacha nyumbani," na watu wakacheka. Baba hakucheka. Alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja tu: "Kalman, namba zangu ulizifungua kwa futi gani?"

Wewe umekulia nyumba ileile, kwa hiyo unajua kwamba nchi hii ina futi mbili. Wapima ardhi wa Ohio wana yao ya zamani, sisi Michigan tuna nyingine, na katika futi moja tofauti yao haionekani kwa jicho. Lakini namba za Baba zinahesabiwa kuanzia mbali, zaidi ya futi milioni moja na nusu, na njia yote hiyo tofauti inajikusanya. Nikamjibu bila kufikiri, "Ya kwenu, Baba. Ya Ohio." Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Basi ni mimi."

Alirudi kupima mara mbili, akapata jibu lilelile. Badala ya kuamini chuma chake, akaanza kukishuku kichwa chake. Aliniambia hata Baba mdogo Emery alikuwa na uhakika wa kila kitu, mpaka siku alipomwita mkewe kwa jina la mbwa. Ndiyo maana ulipomwambia ahamie kwenu Duluth alikubali mara moja, na wewe ukashangaa. Fomu ya kurudisha leseni yake ya upimaji ameshaijaza. Alipanga kuituma keshokutwa.

Sasa nisikilize, dada. Baba hakukosea. Nilikosea mimi.

Tarehe 21 Aprili, mchana, nilikuwa mezani na mkate wangu, nikifungua faili la kazi nyingine. Kikatokea kile kidirisha kinachouliza futi gani, na mkono wangu ukabonyeza Michigan kama ulivyozoea miaka kumi na tisa. Nikalifungua faili la zimamoto. Lilikuwa Michigan. Nikabadilisha neno moja, mchoro wote ukasogea futi tatu na inchi nne, ukakaa juu ya vigingi vya Baba kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kisha nikaurudisha ulivyokuwa, nikafunga kompyuta. Kwa siku ishirini na nne nilijiambia kwamba mzee angestaafu tu hata hivyo. Naona aibu kuyaandika haya.

Jana nilikwenda kwake kula chakula cha mchana. Alipika kabichi ya kujazwa nyama, kama ya Mama, akanituma nikamletee miwani kwenye koti lake. Mfukoni nikakuta karatasi. Ameandika majina ya wajukuu zake watano na tarehe zao za kuzaliwa, na chini yake alama ya vema kwa kila siku tangu ule mkutano. Alikuwa anajipima.

Nikamwambia palepale, nimesimama. Hakuuliza habari za jengo. Aliuliza, "Kwa hiyo kichwa changu ni kizima?" Nikasema ni kizima kuliko changu. Akaweka uma chini, akalia kwa sauti, kama siku tulipomzika Mama. Alipomaliza, hasira zikampanda. "Na nilikuuliza! Nilikuuliza, Kalman, kwa mdomo wangu!"

Leo asubuhi nimemwambia Bwana Vandermolen. Amenirudisha nyumbani hadi atakaponiita. Zege litavunjwa, na kila aliyecheka siku ile ataandikiwa barua kwamba mpimaji alikuwa sahihi. Nimeomba jina langu liandikwe humo. Mwambie shemeji asikodi lile lori la kumhamishia Baba kwenu. Fomu Baba ameichana, na ufunguo wa gari uliotaka anyang'anywe mwachie.

Jana nilipokuwa natoka, Baba alinifuata mlangoni. Hakunipa mkono. Aliikunja ile karatasi, akaitia kwenye mfuko wa shati langu, akasema, "Kaa nayo wewe."

Nisalimie shemeji Arne, na uwasalimie wapwa zangu wote: Teresa, Miklos, Jonah, Annika na Petra. Majina nimeyanakili.

Mdogo wako,
Kalman Szalai