Ramani Iliyokataa Kuchorwa

Hurlingham,
Nairobi.
Jumanne, 11 Juni 2024

Kwako Baba,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye mwanga, miwani ikiwa usoni na si mfukoni, na goti lako limepata nafuu tangu mvua ipungue. Mama aliniambia wiki jana kwamba sasa unatembea hadi barabarani bila fimbo. Nilifurahi kusikia hivyo. Mimi kwa mwili sijambo. Rohoni nimechoka, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Najua utashangaa kupata barua ilhali tuna simu. Lakini simu yako huiweka kwa spika, Baba, na ninalosema hulisikia nyumba nzima pamoja na yeyote aliyepita kunywa chai. Haya ya leo nataka uyapate peke yako kwanza.

Ni kuhusu ile CD. Niruhusu nianze mwanzo, maana kwa simu nimekuwa nikikupa vipande vipande. Ulinikabidhi wakati wa Pasaka, hapo sebuleni, mbele ya watu wote. Ulisema ina vipimo vya shamba letu na la Mama Mdogo Peres, ulivyovichukua mwaka 2004 ulipokuwa bado mpima ardhi na mumewe, Baba Mdogo Shem, akiwa hai. Ulisema nikiichapisha ramani hiyo, naibu chifu ataona mwenyewe kwamba mpaka unapita chini kwenye mikaratusi, kwa hivyo kile kipande cha nyasi za nepia ni chetu na ndugu yangu Fidel anaweza kujenga nyumba yake pale. Mama Mdogo alijibu polepole kwamba mpaka uko juu, kando ya kisima, na kwamba ng'ombe wake hula nepia hiyo. Ulinipa CD tu. Nami sikufichi, nilijivuna. Kati ya watoto wako ni mimi ninayelipwa kwa kazi ya kompyuta.

Nilidhani ni kazi ya saa moja ya chakula cha mchana. Mwanzoni mwa Mei nikaiweka CD kwenye kompyuta kuukuu pale ofisini, nikakuta vipimo vyako viko salama, tarakimu tupu zimepangwa safu kwa safu. Kilichokosekana ni kitu cha kuzigeuza kuwa mistari. Ile programu ndogo ya kuchora ambayo mwenzako Ngui aliiandika ofisini kwenu nayo ilikuwemo, ila haichori yenyewe. Hutegemea maktaba ya michoro. Si maktaba ya vitabu, Baba. Ni mkusanyiko wa maagizo ya kuchora mstari, duara, herufi na rangi, ulioandikwa na watu wa kujitolea na kuachwa wazi ili yeyote autumie. Wale watu wameendelea kuibadilisha miaka yote hii, na maktaba ya leo haielewani tena na programu ya Ngui. Ikanibidi nitafute toleo la zamani. Halikuwa tayari kutumika. Lilikuwa msimbo mtupu, maandishi kama walivyoyaandika, na ni wewe mwenyewe unayepaswa kuyageuza yawe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Kabla ya kujengwa, maktaba ile hukagua kompyuta kuona kama mahitaji yake yote yapo. Ilikagua, ikasimama, ikasema haioni maktaba nyingine ya kuandika herufi. Nikaitafuta hiyo. Nayo ikataka nyingine ya kubana picha. Hiyo ya kubana picha ikataka toleo fulani, si lile nililokuwa nalo. Wiki nzima nilikuwa kama mtu anayetumwa ofisi ya serikali, dirisha la kwanza linamwelekeza la tano, la tano linamrudisha la kwanza. Na kila siku Fidel ananipigia akiuliza kama imekubali, kwa sababu fundi wake anasubiri na mawe ya msingi yameshashushwa.

Mahitaji yote yalipopatikana, nikaamuru ijengwe. Skrini ikajaa makosa, mamia ya mistari, ikipita kasi nisiweze kusoma. Nilirudia mara nne, tano, nikibadilisha hiki na kile bila kujua ninachofanya. Siku moja umeme ukapotea kazi ikiwa karibu kuisha, na uliporudi nikakuta faili zilizokatika katikati, ikanibidi nifute zote nianze upya. Siku hiyo nilitoka nje nikatembea barabara ya Argwings Kodhek yote hadi hasira ikapungua, viatu vimelowa mvua, nikarudi mezani bila kula.

Ilikuwa siku hiyo hiyo uliponipigia. Nilijaribu kukueleza, ukanikatiza ukauliza nilisomea nini miaka minne kama siwezi kuchora mstari mmoja wa mpaka. Ulisema wewe ulichora mipaka kwa kamba na kalamu. Maneno hayo yaliniuma, Baba, na nadhani hukukusudia yaniume kiasi hicho.

Aliyeniokoa ni Mwololo, mzee wa mitambo pale ofisini, Mkamba mmoja mpole asiyependa kuinuka kitini. Aliniangalia nikigongagonga vitufe, mwishowe akavuta kiti chake mpaka kwangu. Akaniambia, "Rael, wacha kusoma hiyo ya mwisho. Panda juu kabisa, soma ya kwanza. Hizo zingine zote ni kelele yake." Tulipanda juu. Kosa la kwanza lilikuwa dogo la kuchekesha. Jina moja lilikuwa limetangazwa mara mbili katika faili mbili. Enzi za Ngui kompyuta zilivumilia jambo hilo, za leo hazivumilii. Mwololo alinionyesha neno moja la kuongeza kwenye amri, la kuiambia ivumilie kama zamani, na maktaba ikajijenga mpaka mwisho bila kulalamika. Nikaisakinisha. Nilikaribia kulia.

Nikafungua programu ya Ngui. Ikasema haioni maktaba ya michoro. Maktaba niliyoijenga kwa mikono yangu, iliyolala hapo hapo kwenye diski! Mwololo alicheka mpaka akakohoa. Akasema nimeweka bidhaa kwenye rafu bila kumwambia mwenye duka, kwamba kompyuta ina orodha yake ya maktaba na ni lazima orodha ihuishwe. Tukaihuisha. Programu ikafunguka, ikafanya kazi yake, ikatoa karatasi nyeupe pe. Hakuna mstari hata mmoja. Siku mbili nilihangaika na karatasi hiyo. Kumbe mistari ilikuwepo muda wote, imechorwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe, kwa sababu rangi ya kwanza kuitwa ndiyo maktaba ile huifanya kuwa ya karatasi, na Ngui aliipanga nyeupe mara mbili. Nikabadilisha tarakimu moja.

Hapa ndipo nilipokudanganya, Baba.

Ramani ilitoka. Ilitoka Jumamosi ya tarehe 25 Mei, kama saa tano asubuhi. Leo ni siku kumi na saba. Kila uliponiuliza tangu siku hiyo nilikwambia bado, na haikuwa kweli.

Ilitoka safi kabisa. Niliona nyumba yetu, barabara, kisima, na mikaratusi uliyoiwekea alama ndogo za duara. Na mstari wa mpaka hauko kwenye mikaratusi. Uko juu, mita mbili kutoka kisimani, vile Mama Mdogo alivyosema. Nepia yote iko kwake. Na pembeni kabisa, chini ya skeli ya ramani, kuna maandishi madogo ambayo programu ya Ngui huyachukua kutoka kwenye faili ya vipimo. Yanasema hivi: "Mpaka umepimwa na kukubaliwa. Waliokuwepo: mimi, Shem, Peres. 14/8/2004." Kisha herufi za jina lako.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuishuku maktaba. Nilijiambia nimeijenga vibaya, kwamba lile neno la Mwololo limeharibu hesabu. Nikafuta kila kitu, nikaijenga upya tangu mwanzo, na safari hii ilikubali mara moja. Ikachora mstari ule ule. Nikachukua tarakimu zako nikazipima kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, vile ulivyonifundisha nikiwa darasa la saba. Mstari ule ule. Wiki tatu nilikuwa nikitafuta makosa ili niyaondoe, na siku hiyo nililitafuta kosa nikitamani kulipata. Halikuwepo.

Kesho yake, Jumapili, ukanipigia baada ya kanisa. Nilisikia vikombe na sauti za watu. Ukauliza, "Imekubali?" Nikasema, "Bado, Baba, imekataa." Ukawaambia waliokuwepo kwamba basi, kompyuta imeshindwa, tutakwenda kwa kumbukumbu ya mpima ardhi mwenyewe. Wakacheka. Halafu sauti ya Mama Mdogo Peres ikaja karibu na simu, sikujua kama yupo. Akaniambia, "Pole na kazi, mwanangu. Usijiumize macho." Nilimshukuru. Nilimdanganya mjane wa Baba Mdogo mbele ya watu, naye akanipa pole.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza sana. Ukweli ni kwamba sikuwa namlinda Fidel, ingawa ni ndugu yangu na namtakia nyumba. Ni yale maandishi. Wewe ndiye uliyenipa CD hiyo, Baba, kwa mkono wako, ukiwa na hakika. Mtu anayeficha jambo hatoi ushahidi wake mwenyewe. Kwa hivyo umesahau. Siku ile mlisimama watatu pale kisimani mkakubaliana, na imekutoka. Nimekumbuka kwamba mwaka huu umeniuliza mara mbili kama nimeolewa na yule kijana wa Kisumu, ingawa nilishakujibu, na Mama aliniambia ulipotea njia ukitoka sokoni Chavakali. Nilikuwa nikiyaweka mbali mambo haya. Ramani iliyaleta mezani, na sikuwa tayari kuwa mtu wa kukwambia.

Wiki jana nilimwendea Fidel kazini kwake Westlands. Tulisimama nje ya jengo analoliwekea nyaya, nikamwonyesha. Aliiangalia kwa muda mrefu, hasa yale maandishi. Akasema, "Sasa si ungesema tu imekataa?" Nikamwambia ndivyo nilivyosema. Akauliza ni nani mwingine anajua. Nikamwambia ni Mwololo, na Mwololo hajui hata Chavakali iko upande gani. "Basi iache hivyo," akasema, akavaa helmeti yake akaingia ndani. Hakunipigia tena. Lakini jana alinitumia ujumbe mfupi akiuliza, kwenye ramani hiyo, ni mita ngapi kutoka ukuta wa jiko la Mama hadi barabarani. Nilipima nikamjibu ni kumi na tisa. Nyumba ndogo inatosha pale, Baba. Nadhani ndicho anachokipigia hesabu, ingawa hajasema.

Leo mchana nilikwenda madukani Adams Arcade nikachapisha nakala mbili kubwa. Moja iko ndani ya bahasha hii. Ya pili nimemtumia Mama Mdogo Peres, na itamfikia siku moja na hii yako. Utakasirika kwamba sikukupa nafasi ya kuamua kwanza. Nilifikiri kukutumia zote mbili, kisha nikajua kwamba wewe ungenipigia, ungeniomba kwa sauti yako ile ya chini, nami ningekubali. Nimeshakubali mara moja bila hata kuombwa.

Mkutano na naibu chifu ni Jumamosi ya tarehe 22. Nitafika nyumbani Alhamisi ya tarehe 20, jioni. Ukitaka tutashuka wawili mpaka kisimani, nikushike mkono, tulitafute jiwe la mpaka ulilolisimika ulipopima. Lazima liko, limefunikwa na nyasi tu. Na wiki inayofuata ningependa twende Kisumu ukaonwe na daktari wa mambo ya kumbukumbu. Mama ameshakubali. Ukikataa tutazungumza, lakini nitaendelea kuuliza.

Nimekuwa na hasira tangu Mei, Baba. Kwa umeme, kwa maktaba, kwa Ngui na rangi zake, kwako uliponiuliza nilisomea nini. Naona sasa nyingi ya hasira hiyo ilikuwa woga.

Uongo wa kwenye simu nakuomba unisamehe. Kwa ramani siombi msamaha, kwa sababu ulipima vizuri.

Msalimie Mama, umwambie kitambaa chake cha kanisani nimekipata. Wasalimie majirani na wote wanaoniulizia. Mama Mdogo Peres usimtumie salamu zangu kwa mdomo wa mtu. Nitampelekea mwenyewe Alhamisi, nikifika.

Ni mimi binti yako,
Rael