Serikali Yangu ya Watu Wanne

Jumapili, 11 Januari
Kanisani, kisha soko la Guangyuan Xilu kuchagua jinzi, kisha kikao cha chama chetu cha wafanyabiashara wa kwetu huku Uchina, chumba cha juu ya mgahawa. Nilikwenda mjumbe, nimerudi mwenyekiti. Makubwa! Baraza lina viti kumi na moja. Sisi wauza nguo tunavyo vinne. Wauza vitambaa wa soko la Zhongda vitano, watu wa simu viwili. Mzee Kassimu wa vitambaa, mwenyekiti wa miaka yote, kagombana na watu wa simu, nao wakanipa mimi kiti kwa hasira tu. Hawanipendi. Bila wao, sisi wanne hatuwezi kitu. Nimekubali hivyo hivyo, kwa sababu ya Tabu.

Jumatatu, 12 Januari
Tabu yuko mochwari siku ya tisa. Alikuwa muuza viatu, jirani yangu wa chumba. Homa ya mapafu, siku tatu, basi. Viza ilikuwa imeisha, na sheria ya Mzee Kassimu inasema aliyeishiwa viza haguswi na mfuko wa misiba. Karatasi za kusafirisha mwili ziko tayari, kinachokosekana ni pesa ya mfuko wetu. Mama yake kapiga tena kutoka Shinyanga. Haulizi tena ni lini. Analia tu. Nina hasira mpaka kichwa kinauma. Kwani maiti naye anaombwa viza?

Alhamisi, 15 Januari
Watu wa simu wameshapatana na Mzee. Kawaahidi umakamu. Siku nne! Hata kiti hakijapata joto. Sasa ni saba kwa wanne. Mzee kaitisha kikao cha dharura Jumamosi asubuhi, ajenda moja: kuniondoa. Dada Upendo, mweka hazina, mmoja wa wanne wetu, kanishauri nijiuzulu kwa heshima. Heshima gani? Sijiuzulu ng'o. Wanitoe wenyewe, mikono juu, nikiwaangalia. Nimeongeza ajenda ya pili: Tabu.

Jumamosi, 17 Januari
Nacheka peke yangu. Mzee kasahau jambo ambalo hata mgeni wa juzi analijua. Viwanda vinakaribia kufungwa kwa mwaka mpya wa Wachina, kila mtu anapakia. Wanne kati ya watu wake walikuwa ghalani, kontena mlango wazi. Nani anaacha kontena mlango wazi? Ukigeuka tu, marobota yako yamebaki nje na ya mwenzako yameingia. Kawapigia simu mpaka jasho likamtoka. Wakamjibu, Mzee, tumalize kwanza.

Akidi ni sita. Tulikuwa saba, nikafungua kikao. Kuniondoa: mikono mitatu. Kunibakiza: minne. Mzee akataka tuahirishe yaliyobaki. Nikamwambia, "Samahani Mzee, kikao umekiitisha mwenyewe." Ajenda ya pili: Tabu arudi nyumbani, mfuko ulipe. Minne kwa mitatu tena. Nikapiga muhuri pale pale, Upendo akasaini.

Jumatano, 21 Januari
Uwanja wa ndege wa Baiyun, upande wa mizigo. Nimezoea kuleta huku nguo za haraka. Leo sanduku moja, la Tabu. Karatasi zote zimepita. Nimelia kwenye metro, watu wakiniangalia. Waangalie. Mzee kanitumia ujumbe: Jumapili watakuja wote saba, kontena au hakuna kontena. Nimemjibu karibuni sana.

Jumapili, 25 Januari
Walikuja. Saba kwa wanne, dakika tano tu. Nimekabidhi muhuri na ufunguo. Wiki mbili kamili. Mzee kasema sheria ya viza iko pale pale. Nikamwambia mbele ya watu kwamba nitaipinga kila kikao mpaka anichoke.

Nikapita kununua mchele. Mama Tabu akapiga. Wamezika jana, pembeni ya baba yake. Sauti yake imetulia. Akaniita mwanangu, akauliza kama nimekula. Nikamwambia bado, mama, ndiyo nakwenda kupika.