Mji Wenye Ng'ombe Mmoja

Uliza Bi Mwanasiti: gazeti la ukutani, Gati Kuu, Garsen Mpya

Mpendwa Bi Mwanasiti, naomba unisaidie kabla ya bamvua, maji makuu yanayopitisha meli, maana bamvua ikifika mume wangu anatupakia melini na mimi sitakuwa tena na mdomo wa kusema. Majina nimeyabadilisha, mume wangu mwite Guyo, mtoto wetu mwite Ruwaida, na mimi niite Kadra, tafadhali usije ukatuanika mbele ya watu.

Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe, kwetu ni mbuga za Garsen ile ya duniani yenye vumbi na mto Tana, na tulipokubaliwa kuja kuishi huku kwenye dunia hii ya maji matupu kila jamaa waliruhusiwa kuleta kitu chao, Wapokomo wakaleta mbegu za mpunga na miche ya migomba, sisi tukaleta ng'ombe, wakiwa bado mimba zilizogandishwa kwenye barafu, wakazaliwa hukuhuku. Siku ya kuagana baba mkwe alimshikisha Guyo fimbo akamwambia, "Mnakokwenda ni maji, lakini wewe usigeuke mtu wa maji," na Guyo akaapa mbele ya wazee kwamba nyumbani kwake hakutaliwa samaki. Kwa watu wetu wa zamani, Bi, mla samaki ni mtu aliyekosa ng'ombe, ukimwita mtu hivyo umemtukana yeye na mamake.

Sasa nikuulize, hapa bahari kulia, bahari kushoto, nchi kavu yetu ni hii gati na miamba miwili mitatu na mashamba yanayoelea, mtu atakula nini? Ng'ombe wamekufa mmoja mmoja, nyasi za kuelea zinaingia chumvi, amebaki Dima peke yake, mwekundu, mzuri wallahi, Guyo anamwimbia kila asubuhi, lakini kiwele kinakauka, anatoa kikombe kimoja na siku nyingine hata hicho hakijai. Kile kikombe Guyo anampa mtoto, yeye anakula ugali wa unga wa meli na chai ya mkandaa isiyo na maziwa, na hanung'uniki, hilo lazima niseme, mume wangu si mtu mbaya.

Lakini mtoto alianza kukonda, nywele zikawa nyekundu, akawa hachezi, anakaa tu. Jirani yangu Mama Bilal, Mpokomo wa Golbanti, akaniita jikoni kwake akafunua sufuria ya mchuzi wa samaki akasema, "Wewe endelea na heshima yako, lakini huyu mpe hapa." Nikampa. Alikula mpaka akalamba sahani, halafu na mimi nikaonja, na sitakuficha Bi, ni tamu.

Kutoka kuonja nikaenda kuvua, kwa sababu sikutaka kula vya watu bure, nikawa naingia kwenye mashua ya Komora, mume wa Mama Bilal, na huko ndiko nilikojikuta najua kazi ambayo hakuna aliyenifundisha. Wale samaki wakubwa wa mgongo wa kijivu wanaokwenda kundi, wenzangu walikuwa wanawakimbiza kwa kelele, samaki wanatawanyika, wavu unarudi mtupu. Mimi nikatazama siku mbili tatu nikasema, hawa wanatembea kama ng'ombe. Kuna jike mzee mbele, wote wanamfuata yeye, usimkimbize kutoka nyuma, kaa ubavuni, mbali kidogo, mwonyeshe njia moja tu, ataingia mwenyewe na watoto wote nyuma yake. Komora alicheka mpaka akashika mbavu. Wavu ulipojaa akaniuliza kesho tuelekee wapi. Na sasa mji unaunda mashua mpya ya kuvuka boya la mwisho, ambako hajafika mtu, na wavuvi wamekaa wakasema nahodha awe mimi, mimi ambaye kule nyumbani hata kuogelea sikujua! Sijisifu, lakini hakuna hapa anayewasoma samaki wale kama mimi, na wao wenyewe wamesema. Wanangoja neno langu tu.

Guyo hajui lolote. Anajua naenda kumsaidia Mama Bilal kupalilia mpunga. Nikirudi naoga kwa ndimu, najifukiza udi, juzi akaniambia, "Siku hizi unanukia kama siku ya arusi yetu," nikataka kulia. Mtoto amenenepa, nywele zimerudi nyeusi, na Guyo humbeba juu akasema, "Unaona? Hayo ni maziwa ya Dima." Lakini anaona pia kikombe kinapungua, na amesikia kuna kisiwa huko kusini chenye nyasi mpaka magotini, hakuna aliyekiona, wanasema tu, na yeye ameshafunga mizigo, ng'ombe ameandikiwa nafasi melini na sisi pia.

Na juzi tukiwa kwa Mama Bilal nikamwambia mtoto kama kawaida, "Baba usimwambie," akaacha kula akanitazama, ana miaka minne tu Bi, akasema, "Mama, kwani sisi tunaiba?" Nikamwongezea mchuzi tu.

Nisaidie, nimfuate Guyo ninyamaze, au nimwambie nyumba yangu ivunjike?

Mimi, Mke wa Mfugaji.

*

Mama Ruwaida,

Ngoja kwanza nicheke, kisha nitagomba. Umebadilisha jina lako, la mumeo na la mtoto, ukamwacha Dima ni Dima! Mwanangu, mji huu una ng'ombe mmoja. Watoto wa shule wanapelekwa kumtazama. Nilitaka kumpa jina jingine kabla ya kubandika, kalamu nilikuwa nayo mkononi, nikaiweka chini. Sababu nitakwambia.

Habari ya samaki haina kesi. Dini yako haikumkataza, na tumbo la mwanao limeshatoa hukumu. Mimi ni mtu wa Kipini, nimekuzwa na samaki, lakini usidhani naicheka desturi yenu. Baba mkwe wako alipotoa ile fimbo macho yake yalikuwa kwenye zizi lililojaa, na mwenye zizi lililojaa ana haki ya kuchagua chakula. Wewe unatazama kikombe kisichojaa. Ulimpa mtoto chakula, ulifanya la mama, na Mama Bilal Mungu amlipe.

Na unahodha pia hauna kesi. Unaniandikia "sijisifu", kwa nini usijisifu? Wanaume wazima wamepiga makelele baharini tangu tulipofika huku, ukaja wewe ukakaa ubavuni ukawaletea samaki. Jisifu! Nenda kwa Komora umwambie ndiyo, na umwambie kwa sauti.

Sasa nagomba. Umemfundisha mtoto wa miaka minne kushiba kwa woga. Kila tonge analomeza analimeza akitazama mlango. Hilo swali alilokuuliza ulipaswa kulijibu palepale, "La, mwanangu, hatuibi," ukashindwa, kwa sababu ulijua mnajificha kama wezi. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliivua miwani nikakasirika kwelikweli.

Na kuna jambo jingine umeliandika kwa mkono wako mwenyewe bila kuliona. Kwa nini mumeo anahama? Anaamini mtoto amepona kwa maziwa ya Dima. Anaona maziwa yanakwisha. Baba gani atakaa kitako? Huyo mtu anampeleka mwanawe kwenye kisiwa cha kusikia kwa sababu anadhani akibaki hapa atamzika. Mizigo ile imefungwa na uongo wako, dada. Guyo wa watu analala na hofu ambayo wewe unaweza kuiondoa kwa sentensi moja, nawe unajifukiza udi!

Tena unamwogopa nani? Yule anayempa mtoto kikombe chake, akanywa mkandaa asilalamike? Umeandika mwenyewe si mtu mbaya. Basi mtendee kama mtu asiye mbaya.

Utamwambia hivi. Useme kwa Kiorma, lugha mliyoposana nayo, si kwa Kiswahili cha sokoni. Usimtupie lawama Mama Bilal. Usimzungushe eti samaki ni ng'ombe wa majini, huyo ni mfugaji, ng'ombe anamjua. Mwambie: mtoto alikuwa anakufa, nikamlisha samaki, amepona, na mimi nakula, na mimi navua, na wamenichagua. Kisha nyamaza. Atakasirika, muache akasirike. Anaweza akachukua fimbo akaenda kulala zizini na Dima, na huko si mbali, ni hapo nyuma ya nyumba. Amekuwa akitembea na kiapo chake miaka yote hii akidhani mnakibeba wawili, kumbe alikuwa peke yake. Ana haki ya kuumia, na wewe una deni la kumwomba msamaha kwa kumficha. Kwa kumlisha mtoto usiombe msamaha, hata akikutaka.

Akiendelea na hadithi ya kisiwa, mkumbushe ada yenu wenyewe. Tangu lini Muorma akahamisha watoto kabla ya kutuma mtu kwenda kutazama malisho? Sisi wa Kipini tulikuwa tukiwaona vijana wenu wakipita na kibuyu cha maziwa, siku kadhaa mbele ya ng'ombe, wanatazama nyasi, wanatazama maji, wanarudi na habari. Basi na aende yeye kutazama. Dima abaki, wewe ubaki, mtoto abaki. Akikuta nyasi za magotini, mtakaa muongee. Akikuta jiwe na chumvi, atarudi kwake. Lakini mtoto asipandishwe meli kwa maneno ya gatini, na hapo usilegeze hata kidogo.

Sasa ile sababu yangu. Karatasi hii inabandikwa ukutani Ijumaa alfajiri. Wewe hupita hapo mapema ukielekea mashuani, mumeo hupita baada ya sala ya Ijumaa na wenzake, na jina la Dima atalisoma. Umeomba jibu la ukutani, nimekupa, na nimekupa asubuhi nzima ya kumtangulia. Unaweza kunichukia, sijali, nimechukiwa na watu wakubwa kuliko wewe. Ningelibadilisha jina la ng'ombe ungesoma, ungelia kidogo, ungerudi kwenye ndimu na udi wako mpaka meli ing'oe nanga.

Kwa hiyo leo baharini usiende. Mwombe Komora samaki mmoja mzuri, geuka, rudi nyumbani. Mumeo akiwa bado zizini mwite umwambie yote, kabla ukuta haujamwambia. Kisha washa moto jikoni kwako, si kwa jirani, na usifunike sufuria. Yeye mtilie chai yake na ugali wake, asile asichotaka, hakuna atakayemlazimisha. Ruwaida mkalishe mkekani pale mbele ya baba yake, umpe sahani yake, ale mpaka ashibe.

Mshauri wako,
Bi Mwanasiti