Sefu na Ubao Wake

Jumanne, Mohoro

Nani alinituma kujibu? Leo darasani Mwanahawa kauliza maana ya neno "surfboard". Nami, mwalimu wao wa Kiingereza, nikasema bila haya: ni ubao uliobuniwa na Sefu, fundi seremala wa zamani. Wote wakaandika.

Nimerudi nyumbani, nimefungua kamusi. Kumbe "surf" ni mawimbi yanayovunjika ufukweni. Mtu mzima anasimama juu ya ubao, yanamsukuma mpaka pwani. Kesho nitaanzaje kuwaambia...

Nikamsimulia mama. Akaacha kupepeta mchele.

"Akifika pwani anashusha nini?"

"Hashushi kitu, mama. Anarudi majini asukumwe tena."

"Basi waachie Sefu wao, mwanangu. Yule angalau alikuwa na kazi."