Umekula Ndizi Zangu, Sasa Fungua Mlango

Kwako mwenzangu wa kipaimara, munywani wange, rafiki yangu wa kiapo,

Jina lako siliandiki, langu pia siliandiki. Wanaotujua watatujua. Naandika waziwazi kwa sababu nilikuumiza waziwazi, mbele ya ukoo wako mzima, na radhi ya kuombwa uvunguni isingekutosha wewe ninayekujua. Simu zangu hupokei. Haya basi, soma.

Unakumbuka Izimbya, siku iliyofuata kipaimara chetu? Bibi yako alikuwa ametusimulia jinsi wazee wa zamani walivyofunga urafiki: wanachanja ngozi, wanapaka damu kwenye punje ya kahawa, kila mmoja anameza ya mwenzake. Kisha akatuonya kwamba hayo yamepita, sisi sasa ni watu wa kanisa. Wewe ukaninong'oneza kwamba dhambi ni ile damu tu, kahawa haina kosa. Tukaingia kwenye kibanja, kwenye migomba na mibuni ya kwenu, ukachuma tunda moja jekundu, ukalitumbua, punje mbili, moja yako na moja yangu. Kahawa mbichi, jamani! Ulikunja uso ukataka kutema, nikakuziba mdomo kwa kiganja mpaka ukameza. Halafu ukafumba macho ukaomba: "Bwana, atakayemwacha mwenzake, mrudishe." Mimi niliitikia amina tu. Aliyeomba ni wewe.

Ukaolewa Nshamba, mimi nikaolewa mjini, Rwamishenye, na bado hatukuachana. Mwanangu alipolazwa ulikuja na chupa ya uji, ukalala sakafuni chini ya kitanda chake, ukamfukuza hata mume wangu akapumzike. Kwa hiyo kaka yako alipougua sikuhitaji kuitwa. Tulikuwa wote wawili pembeni ya kitanda chake pale Izimbya, mchana ule alipomtazama mkewe anavyomenya ndizi mlangoni, akatuambia: "Huyu asiguswe. Kibanja hiki ni chake na wanawe." Ukamjibu kwamba umesikia. Nakumbuka ulimfuta jasho ukimjibu.

Siku ya kuondoa matanga, baba yako mdogo akauliza kama kuna aliyeachiwa neno na marehemu. Wote wakakutazama wewe, dada yake wa pekee. Ukasema kaka alikuwa amezidiwa, hakuweza hata kuongea. Wifi yako alikuwa amekaa chini na watoto wake, akainamisha kichwa. Na mimi, mgeni asiye wa ukoo, nikasimama. "Mwongo," nilikuambia. "Ulisikia, na ulimwitikia."

Sasa nisikilize vizuri, maana ninachoomba msamaha ni kimoja. Nisamehe kwa kukuita mwongo mbele ya baba zako na mbele ya watoto wako, ukiwa na msiba wa kaka yako mwilini. Nilikuona ulivyokuwa ukikunjakunja ncha ya kitenge chako. Nilijua unawaogopa, nilijua watasema umeuza ardhi ya ukoo kwa mwanamke wa kuja. Nilipaswa kukushika mkono, nikupeleke nyuma ya jiko, nikwambie useme, nami nitasimama ubavuni mwako. Bwana Yesu alitufundisha kwamba mwenzako akikosa umwendee kwanza, mkiwa wawili tu. Tulilikariri wote wawili darasani, na wewe ndiye uliyenisahihisha nilipokosea. Hatua hiyo niliiruka. Hasira ilinitangulia, kama kawaida yangu, na ikakukanyaga. Naumia kila nikikumbuka uso wako.

Lakini kuomba radhi kwa lile neno lenyewe, hapana. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kwangu na maneno matamu, akanishauri nikubali kwamba labda nilisikia vibaya, ili amani irudi. Nilimpa kahawa ya kutafuna, nikamwambia masikio yangu ni mazima. Amani ya kununua kwa kibanja cha mjane siitaki, hata ukiniletea wewe mwenyewe mkononi. Wazee wa ukoo walimwachia kibanja, na leo wifi yako yuko pale pale, anapalilia migomba yake, na sijutii hata kidogo. Wewe pia hujutii. Nakujua. Ungekuwa na hakika kwamba nilisema uongo ungenijia Rwamishenye siku ile ile na mwiko mkononi.

Jumapili ya mavuno nilibeba mkungu wangu mkubwa kuliko yote. Nilifika mlangoni mwa kanisa, miguu ikagoma. Tumeambiwa ukikumbuka kwamba mwenzako ana neno juu yako, uiache sadaka, ukapatane naye kwanza. Mimi sikuiacha, nilimpa jirani yangu sadaka nyingine aipeleke, nikageuka na mkungu wangu hadi stendi, nikapanda gari la Muleba, la kuja kwenu Nshamba, na gauni langu la kanisani. Watu walinishangaa. Washangae.

Kwako nikaambiwa na mkweo umekwenda shambani. Munywani wange, ndala zako zilikuwa mlangoni. Ulikwenda shambani peku? Pazia la dirishani lilitikisika na upepo haukuwepo. Nikakaa kwenye kiti cha barazani mpaka jua likahama, na hakuna aliyeniletea hata punje ya kahawa. Kwetu hata mtu aliyekuja kukugombeza anapewa kahawa kwanza! Hapo nililia, sikufichi. Nikauacha mkungu barazani nikaondoka.

Siku chache baadaye shemeji, mume wako, akanipigia. Alisema ndizi zimepikwa na maharage, nyumba nzima imeshiba. Nikamuuliza kama na wewe ulikula. Akacheka, akasema ulikula sahani mbili huku ukinung'unika kwamba nimekata mkungu kabla haujakomaa. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo. Mtu aliyemaliza habari nami angezitupa kwa mbuzi. Wewe umezila, tena ukazitia kasoro.

Basi Jumamosi nakuja tena. Nitakaa kwenye kiti kile kile, na mfukoni nitakuwa na tunda moja la kahawa kutoka Izimbya, kwenye kibanja cha wifi yako. Halijachemshwa, ni bichi na chungu kama lile la kwanza. Uzee huu sitakuziba mdomo, ukitaka kutema utatema. Kama hunitaki, toka uniambie kwa mdomo wako, nitanyanyuka niende zangu na kulia nitalilia mbele. Ila pazia silikubali. Uliomba mwenyewe kwamba anayemwacha mwenzake arudishwe, na kati yetu aliyeondoka simjui, inawezekana ni mimi, inawezekana ni wewe. Mimi ninarudi.

Na ukitoka, vaa ndala zako.

Ni mimi, mwenzako wa kipaimara,
yule aliyeitikia amina.